Chumba Kiwe na Mtu Mmoja

Kiti kiliburutwa gizani. Kwanza kidogo, kama cha mtu anayejaribu uzito wake, kisha moja kwa moja, miguu yake ikikwaruza sakafu ya saruji kutoka jikoni mpaka sebuleni. Mwanamke aliyekuwa mbele ya kompyuta hakugeuka. Aliijua sauti hiyo. Alipunguza sauti ya darasa, akajisogeza upande mmoja wa meza, akampisha mama mkwe wake.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Wateja wameshafika?"

"Wameshafika."

"Wamepanga foleni?"

"Wamepanga, Mama. Wako watulivu leo."

Bibi aliketi, akalainisha sketi yake magotini, akazitazama nyuso zilizojipanga kwenye kioo cha kompyuta, kila moja katika kidirisha chake. Alikuwa karani wa posta maisha yake yote ya kazi. Sasa kumbukumbu zilikuwa zinamtoka moja moja kama nyuzi za shuka kuukuu, lakini dirisha la posta lilikuwa limebaki pale pale, na kila alfajiri aliposikia sauti za watu wengi sebuleni aliamka kulifungua.

"Anayefuata," alisema Bibi kwa sauti ya kazi.

Darasani watu walicheka, si kwa ubaya. Walikuwa wamemzoea. Walikuwa wauguzi, wasimamizi wa nyumba za wazee, maofisa ustawi wa jamii, watu waliotawanyika kila mahali, wakisomea kwa njia ya mtandao shahada ya uzamili ya kusimamia huduma za muda mrefu kwa wazee. Walikutana alfajiri kabla ya kila mtu kukimbilia kazini, na wengi wao walikuwa na kikombe mkononi na alama ya mto shavuni.

"Habari za asubuhi, Bibi," alisema Mhadhiri.

"Nzuri. Vifurushi dirisha la pili."

Mhadhiri aliinamisha kichwa kwa heshima, kisha uso wake ukabadilika. Alisema kwamba wiki inayofuata wanaanza kutetea miradi yao, mmoja mmoja, na akawasomea masharti. Chumba kiwe na mtu mmoja. Mlango uwe umefungwa. Ikisikika sauti ya mtu mwingine, au mtu mwingine akionekana, mtihani unafutwa na mwanafunzi atasubiri mwaka mwingine.

"Na wewe, mama wa makao ya wazee," aliongeza, akikwepa kumtazama Bibi. "Siku yako ni Alhamisi mchana. Bibi yetu siku hiyo, tafadhali. Ingekuwa ni mimi ningemwekea kiti. Lakini kuna msimamizi wa mtihani, naye hamjui mtu."

"Nimeelewa, Mwalimu."

"Kuna mtu wa kukaa naye?"

"Yupo," alisema. Hakuwepo.

---

Kazini walimwita Profesa, na si kwa kumsifu. Jina lilianza siku aliposema katika mkutano wa wafanyakazi kwamba mzee hafungiwi kama mbuzi. Makao ya wazee alikofanya kazi yalikuwa na komeo nje ya kila mlango, na wakati wa kugawa chakula au kufua, wahudumu walikuwa wakiwafungia wazee vyumbani ili wasizagae. Profesa alikuwa msimamizi wa zamu tu, lakini alishikilia neno lake mpaka Mkurugenzi akachoka, na Fundi wa makao akapita na bisibisi kuyang'oa yote. Huo ndio uliokuwa mradi wake wa masomo: jinsi ya kuendesha makao ambayo milango yake haifungwi kwa nje.

Mkurugenzi naye hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa makaratasi. Meneja wa makao alikuwa amestaafu, na nafasi yake ilikuwa wazi. "Ukifaulu kabla ya mwisho wa mwezi, kiti ni chako," alimwambia. "Usipofaulu, nitaleta mtu wa nje mwenye shahada. Mikono yangu imefungwa."

Meneja huingia asubuhi na kutoka jioni. Meneja halali kazini. Profesa alikuwa akifanya zamu zinazogeuka kama upepo, na usiku wa zamu, mume wake akiwa safarini na lori, Bibi alibaki nyumbani na mtoto wa miaka saba. Ndugu wa mume walikuwa wameanza kunong'ona kwamba Mama apelekwe mahali. Kwa hiyo Alhamisi hiyo haikuwa siku ya cheti tu. Ilikuwa ndiyo siku ya kujua kama Bibi angeendelea kuzeekea kwenye kitanda chake.

Alimpigia mume wake kwanza.

"Mama Chiriku, mimi nimekwama kwenye ghala, mzigo haujashushwa," alisema, na nyuma yake watu walikuwa wakipigiana kelele. "Alhamisi nitakuwa nimefika. Jioni."

"Jioni mtihani umekwisha."

"Waambie wasogeze basi."

"Baba Chiriku, hawasogezi. Ni chuo, si mkutano wa harusi."

"Aa, usiniwakie, mke wangu. Mwambie dada. Ni mama yake pia."

Dada, yaani wifi yake Profesa, alikuwa na saluni. Profesa alipoingia, wanawake wawili walikuwa wamekaa chini ya vikaushio na mmoja alikuwa akisukwa. Alitaka kumwita wifi yake pembeni lakini wifi hakuinuka.

"Sema tu, hapa ni kwetu sote."

"Ni Alhamisi, wifi. Mchana. Ukae na Mama mpaka nimalize mtihani."

"Mtihani wa wazee?"

"Ndiyo."

"Sasa wewe ndiye unayesomea wazee, na mzee unaniletea mimi ninayesomea nywele?" Wanawake walicheka. Aliyekuwa akisukwa alicheka hata kichwa kikamtoka mikononi. "Tulia wewe, nitakusuka pua. Wifi, kila mtu na fani yake bwana."

"Ni mama yako, wifi."

Mikono ya wifi ilisimama kwenye nywele. Alipozungumza tena hakuwa akiwachekesha wateja. "Mara ya mwisho nilipokuja kwenu aliniuliza mimi ni nani. Nikamwambia. Akaniambia binti yake ni mdogo, yuko shule. Nilikwenda kulia chooni kwenu, hukujua. Mimi siwezi kukaa naye peke yangu. Mpe dawa alale."

"Siwezi kumpa dawa ya usingizi mtu asiyeihitaji."

"Basi mpeleke huko huko kwenye makao yako. Au makao yako ni ya mama wa wenzio tu?"

Profesa aliaga. Mlangoni wifi alimfuata na chupa ya mafuta ya nywele, akamtia mkononi bila kumtazama. "Ya Mama. Nywele zake zinakatika."

Jirani, fundi cherehani, alimsikiliza mpaka mwisho huku akizungusha gurudumu la cherehani taratibu bila kushona kitu. Aliwahi kukaa na Bibi mara moja. Aligeuka kukata kitambaa, na alipoinua kichwa Bibi alikuwa katikati ya barabara anawapanga madereva kwenye foleni. "Nakupenda, Mama Chiriku," alisema. "Ila roho yangu ndogo. Akifa mikononi mwangu, mimi nitakwenda wapi?"

Msichana wa kazi waliyemjaribu siku moja, Bibi alimfukuza kwa mwiko, akisema ni mwizi wa stempu.

---

"Siku moja tu, Mkurugenzi," alisema Profesa. "Akae sebuleni na wazee wengine. Wahudumu wapo."

Mkurugenzi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai. "Tukianza na mkwe wako tutaishia na shangazi wa mpishi. Unajua kanuni. Si ndizo ulizokuja kutufundisha?"

Katika korido alikutana na mhudumu waliyempa jina la Redio, amebeba shuka mpaka kidevuni. "Profesa, yule mzee wako wa chumba cha mwisho ametoka tena, tumemkuta jikoni anatafuta mke wake kwenye friji. Ungetuachia hata komeo moja."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia mke wake ametoka kidogo. Nikamfungia friji." Redio alicheka, kisha akamwangalia vizuri. "Mbona umepauka? Kula basi, shahada haishibishi."

Fundi alikuwa stoo, akipaka gundi mguu wa stuli. Kwenye kona kulikuwa na ndoo ya makomeo, yamelaliana, mengine bado yana rangi ya milango yaliyotoka.

"Nataka moja," alisema Profesa.

Fundi aliendelea na gundi. "La wapi?"

"Banda la kuku."

"Tangu lini wewe unafuga kuku?"

"Ndiyo naanza."

Fundi alifuta mikono kwenye suruali, akainama kwenye ndoo, akachagua lililokuwa zito, akaongeza na skrubu kwenye kipande cha gazeti. Hakumtania. Profesa angependelea amtanie.

"Piga juu," alisema Fundi. "Kuku ni wajanja."

---

Alhamisi shule ilifungwa mapema kwa sababu ya mkutano wa walimu, na mtoto alikuwa nyumbani. Walimwita Chiriku kwa utani, maana hakuwa mtoto wa maneno. Angeweza kukaa na wewe mchana mzima, ukisema yeye anakutazama mdomo, na kesho yake ukagundua amelikumbuka kila neno.

Profesa alimlisha Bibi, akampeleka msalani, akamlaza. Alimpaka yale mafuta ya wifi, akamchana nywele polepole mpaka macho yakafumba. Alikaa kitandani kidogo. Kupitia dirisha sauti za mchana zilisikika kwa mbali, mtu akifagia, pikipiki ikikataa kuwaka. Alikuwa amewaza njia zote. Angemwachia mlango wazi, lakini sauti za kompyuta zilimvuta Bibi kama taa inavyovuta kumbikumbi. Angekuja na kiti chake kabla swali la kwanza halijakwisha. Mlango wa mbele ukifungwa angezunguka nyuma. Mtoto hawezi kumshika.

Alitoka akinyata. Komeo alikuwa amelipachika nje ya mlango huo usiku wa kuamkia jana, juu kabisa, kama alivyoambiwa. Lilikuwa gumu kidogo kuingia. Akalisukuma.

Chiriku alikuwa kwenye korido na kitabu chake cha kuchorea.

"Mama ana mtihani," alimwambia, amechuchumaa mpaka macho yao yakalingana. "Kaa hapa. Bibi akiamka mwambie Mama anakuja. Usiingie sebuleni. Usigonge. Wakisikia sauti ya mtu mwingine wananifutia kila kitu. Umesikia, mwanangu?"

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Akanyoosha kidole juu, kwenye komeo.

"Ni kwa leo tu," alisema mama yake.

---

Kwenye kioo walikuwa watatu. Mhadhiri, amevaa tai siku hiyo. Mtahini wa kike mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba shingoni. Na msimamizi wa mtihani, ambaye hakuwa na uso. Palikuwa na kidirisha cheusi tu na sauti iliyotoka humo.

"Zungusha kamera, tafadhali. Chini ya meza. Nyuma ya pazia. Mlango."

Alizungusha. Chumba chake mwenyewe kilionekana kama cha mtu aliyehama.

"Uko peke yako?"

"Niko peke yangu."

"Anza."

Alianza, na baada ya dakika chache sauti yake ilitulia. Alieleza habari za mzee mmoja aliyekuwa akijikojolea kila wakati wa chakula cha mchana, wakamwita mkaidi, mpaka walipong'oa komeo na kugundua kwamba alikuwa anajua vizuri kabisa njia ya msalani, ila mlango ndio haukumruhusu. Alieleza jinsi wahudumu walivyogawana korido, jinsi walivyohamisha meza ya chakula karibu na vyumba. Mtahini alivaa miwani yake. Mhadhiri alitabasamu kidogo, kama mtu anayemwona mwanawe akiendesha baiskeli.

Kwenye korido, Bibi aliamka.

Chiriku alisikia kitanda kwanza, kisha nyayo, kisha mlango ukisukumwa na kukataa.

"Nani huko?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Chiriku."

"Chiriku, fungua. Watu wananingoja dirishani."

"Mama amesema anakuja."

"Mama yako yuko wapi?"

"Anafanya mtihani."

"Mtihani wa nini?"

Chiriku alifikiri. "Wa wazee."

Bibi akasema, "Akimaliza mwambie kuna mzee mmoja huku."

Mtoto alilala kifudifudi sakafuni, akatazama chini ya mlango. Aliona miguu ya Bibi, haina viatu, kucha zimekatwa vizuri na mama yake. Alipitisha vidole. Baada ya muda Bibi alishuka, magoti yakilia, na vidole vyake vikaja vikagusa vya mtoto.

"Una baridi," alisema Bibi.

"Ni sakafu."

"Mwanangu, nataka kwenda msalani."

Chiriku aliinuka. Aliruka kulifikia komeo, akashindwa. Alileta stuli kutoka jikoni, akaibeba hewani isitoe sauti, akapanda. Vidole vyake vilifika kwenye chuma. Alivuta. Komeo lilikuwa gumu, halikusogea. Alishuka, akaenda mpaka mlango wa sebule na kuinua mkono kugonga. Ndani alimsikia mama yake akiongea kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia nyumbani, sauti nzuri, ya mtu mrefu. Wakisikia wananifutia kila kitu. Mkono ulibaki hewani, ukashuka.

Alirudi. "Mama anakuja," aliuambia mlango.

Hapo ndipo Bibi alipoanza kugonga. Kwanza kwa kiganja, kwa adabu, kama mtu aliyefika ofisini mapema. Kisha kwa ngumi.

Sebuleni, mtahini alikuwa ameinama mbele. "Nina swali moja. Kwenye karatasi mambo ni mazuri. Lakini ipo siku, tuseme, una mfanyakazi mmoja tu, hana wa kumsaidia, na ana kazi ambayo hawezi kuiacha hata kidogo. Siku hiyo milango yako bado iko wazi?"

Profesa alisikia pigo la kwanza katika mgongo wake, si masikioni. Akasikia la pili.

Alimwona Mhadhiri akimtazama kwa matumaini. Alijua jibu la kitabu, na alijua jibu lililokuwa kwenye korido. Muda mfupi, mfupi mno kwa hao watatu kuugundua, alitamani kusema: siku hiyo ni leo, mama yangu yuko nyuma ya ukuta huu, niambieni nyinyi mliosoma zaidi yangu mtu anafanyaje. Pengine wangejua. Pengine wangeinamisha vichwa na kufuta mtihani.

"Iko wazi," alisema. "Siku hiyo kazi ndiyo inayongoja. Mzee hangoji."

"Samahani," ilisema sauti ya kidirisha cheusi. "Nasikia kishindo."

"Ni jirani. Anapigilia bati."

Kishindo kiliendelea. Msimamizi alikuwa anasikiliza. Profesa aliweka mikono juu ya meza, kiganja juu ya kiganja, akatabasamu tabasamu la kuwaombea radhi majirani wote duniani.

"Endelea," ilisema sauti.

Akaendelea.

---

"Umefaulu," alisema Mhadhiri, baada ya kumtoa mtandaoni kidogo na kumrudisha. "Masahihisho madogo, ya tahajia tu. Hongera sana. Lile jibu la mwisho, mama wa makao, nitalitumia kufundishia. Na Bibi msalimie."

Alifunga kompyuta. Nyumba ilikuwa kimya sasa, na kimya hicho kilimtia hofu kuliko ngumi. Alitoka mbio. Chiriku alikuwa amelala chini, shavu sakafuni, vidole vikiwa bado chini ya mlango. Hakuwa amesinzia. Alijiviringisha pembeni kumpisha mama yake.

Komeo lilimkwaruza kidole.

Bibi alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea ukuta, sketi imelowa, na maji yamechora njia mpaka miguu ya kitanda. Upande wa mkono wa kulia ulikuwa mwekundu kama aliyefua siku nzima. Aliinua uso. Alimtazama Profesa kwa makini, kama mtu anayesoma anwani iliyofifia, na hakumjua. Lakini alifurahi.

"Asante, mwanangu. Mungu akulipe. Nimegonga weee."

"Pole, Mama. Pole sana."

"Humu ndani kuna mwanamke anafungia watu," alisema Bibi kwa sauti ya chini, akimshika mkono. "Wewe usilale humu."

Profesa alimzungushia mkono kiunoni. Alimwinua, akampeleka bafuni, akapima maji ya uvuguvugu kwa kiwiko, akamkalisha kwenye stuli. Alimwosha kama alivyowafundisha wahudumu wake, akianzia mabegani, akiufunika mwili sehemu kwa sehemu ili asione haya wala baridi. Ule mkono mwekundu aliushika muda mrefu ndani ya maji.

"Una mkono mwema," alisema Bibi. "Umesomea?"

"Nimesomea, Mama."

"Inaonekana."

Bibi alipokwisha kukaa uani na nguo safi, Profesa alipiga deki, akachukua bisibisi. Chiriku alisimama chini ya stuli, kiganja wazi, akapokea skrubu moja moja. Komeo lilikwenda chini kabisa ya mkoba wa kazini. Matundu yalibaki mlangoni, meusi. Alikata kipande cha sabuni, akayajaza, akapitisha kidole juu mpaka yakawa laini. Ungehitaji kujua pa kutazama.

Alishuka. Mama na mtoto walitazamana. Profesa alitaka kumwambia asiseme, na maneno yakafika mpaka kwenye meno. Hakuyatoa. Alimpangusa mtoto vumbi la shavuni.

---

Mume alifika jioni, ananuka dizeli na jua, na mlangoni alipiga saluti. "Meneja. Ruhusa kuingia?"

"Ingia, unachafua kizingiti."

"Unaona? Ameshaanza kutoa amri."

Wifi alikuja nyuma yake na soda na keki ya dukani ndani ya mfuko, amevaa vizuri kuliko siku zote. Alimkumbatia Profesa muda mrefu kuliko kawaida yao. "Nisamehe ya saluni, wifi yangu. Ulimi wangu hauna breki. Wale wanawake leo nimewaambia, mliyemcheka ni meneja, mkizeeka mtamkuta mlangoni."

Walikaa mezani. Bibi alikuwa kichwani mwa meza, amechanwa nywele, anang'aa mafuta, akila keki kwa kijiko kwa mkono wa kushoto. Leo alikuwa amemkumbuka mwanawe. Alimwita kwa jina lake la utotoni, mara mbili, na dereva wa lori alitazama pembeni akajifanya anatafuta kifungua soda.

"Nilikuwa na wasiwasi barabara nzima," alisema alipopata sauti. "Kila kona najiuliza, Mama yuko na nani."

"Hata mimi," alisema wifi. "Nimeshindwa hata kusuka. Halafu nikajiambia, huyu ni mtaalamu, atapata njia." Alimimina soda, povu likapanda, akalingoja lishuke. "Ulifanyaje, wifi?"

Profesa alimpangusa Bibi makombo ya keki kidevuni. Walikuwa wanamngoja, wote wawili, na nyuso zao zilikuwa na furaha, na furaha hiyo ilimwomba kitu kidogo tu.

"Alilala," alisema.

"Muda wote?"

"Muda wote."

"Nilikwambia," wifi alimgeukia kaka yake, akishusha pumzi kubwa. "Nilikwambia Mama angelala tu. Sisi tunajitisha bure."

"Fofofo?" aliuliza mume, akicheka sasa, mabega yamemlegea.

"Fofofo."

Chiriku aliweka kijiko chake mezani, akawatazama wote mmoja mmoja, kisha akasema, "Bibi hakulala, alikuwa anagonga mlango."